Nimeuza baiskeli nzito, sasa natafuta nyepesi ya safari ndefu: tushauriane, watu wa Mombasa

Mpanda_Mvita:

Asalaam aleikum wadau.

Baiskeli yangu ya zamani imepata mwenyewe mpya. Kaichukua kijana muuza samaki wa Kisauni, na ameshaifunga keria pana ya chuma na kreti nyuma. Kwa kazi ile inamfaa kweli. Ilikuwa baiskeli ya milimani, fremu ya chuma kinene, tairi za inchi 26, uma wa mbele wenye springi. Niliipima kabla haijatoka nyumbani kwa ile mizani ya kuning'iniza: kilo 18 na nusu bila mzigo wowote. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, kwa hiyo nazijua kilo hizo moja moja.

Ninayoitafuta sasa ni ya safari. Natoka kisiwani alfajiri kabla matatu hazijachangamka, navuka daraja la Nyali, Mtwapa, Vipingo, nafika Kilifi, na siku yenye nguvu naendelea hadi Malindi, kama kilomita 120. Au upande wa kusini: feri ya Likoni, Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, na siku moja inshallah niingie Tanga. Mikoba miwili nyuma, nguo kidogo, maji mengi. Hakuna mashindano.

Bajeti ni shilingi 65,000 pamoja na tairi na keria. Mtumba sawa, mpya sawa.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayepinga apinge. Naona watu wengi wakitaka baiskeli nyepesi wanauliza fremu ina uzito gani, basi. Mimi fremu naiweka nyuma kabisa ya foleni. Fremu nzuri ya chuma cha kromoli, kile kilichochanganywa na kromi na molibdeni, na ile ya alumini ya bei hiyohiyo, tofauti yake mara nyingi ni kilo moja au pungufu. Mimi nina kilo 74, mikoba na maji tuseme 10, baiskeli 13. Jumla 97. Kilo moja hapo ni kama asilimia moja. Ukipanda mlima, muda unapungua kwa kiasi hichohicho. Ukiwa tambarare ya Vipingo kati ya mashamba ya mkonge huihisi kabisa, unachohisi ni upepo. Lakini uma wa springi ukiuondoa umeokoa zaidi ya kilo na hupotezi kitu kwenye lami. Tairi nzito za makashata makubwa ukizibadilisha kwa laini za safari, baiskeli inakuwa kama imefunguliwa breki.

Kwa hiyo maswali yangu: tairi za saizi gani zinapatikana hapa bila shida? Chuma au alumini kwa chumvi yetu? Na nani ameona fremu za safari za Kiingereza kwenye mtumba siku hizi?

Fundi_Majengo:

Waaleikum salaam. Anza na namba ya tairi. Usisome "28" wala "27", soma namba ndogo iliyochongwa ubavuni, kama 37-622. Hiyo 622 ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Hiyo haidanganyi.

Zile baiskeli nyeusi kubwa, Black Mamba, zimeandikwa 28 x 1½. Hiyo ni 635. Baiskeli ya kisasa ya barabarani nayo utakuta imeandikwa 28 au 700C. Hiyo ni 622. Haziingiliani hata ukipaka sabuni. Halafu zile za safari za Kiingereza na Kimarekani za miaka ya 70, nyingi ni inchi 27, yaani 630. Mteja anakuja ana furaha na baiskeli yake ya mtumba, naangalia ukuta wa tairi, namwambia tairi hiyo sina na jirani yangu hana.

Inchi 26 ya milimani ni 559. Hiyo iko mpaka dukani kwa mwenye kuuza unga. 622 utapata mjini. Ukitoka mjini, beba ya akiba.

Upepo_wa_Nyali:

Kaka, mimi nakupinga, na nakupinga kwa mapenzi. Chukua alumini ya kisasa, zile za njia mchanganyiko: usukani uliopinda chini, breki za diski, uma wa kaboni. Kilo 10 na nusu, 11. Ukiitoa kwenye boksi unapanda. Chuma cha miaka ya 80 ni mapenzi ya wazee. Hewa ya bahari itakimaliza ukiwa umelala.

Halafu breki. Mvua ya Mei ikikukuta Mtwapa na lori liko mbele yako, rimu zimelowa, ndipo utakapojua kwa nini watu wanalipia diski.

Mpanda_Mvita:

Fundi, ahsante sana. Hilo la 622 limenikaa.

Upepo, kwenye breki za mvua nakubaliana nawe moja kwa moja. Diski zinashika mapema kwenye maji, na hazili rimu. Rimu ya alumini ikisuguliwa na mchanga na maji kila msimu wa mvua inakuwa nyembamba mpaka ukuta wake unapasuka. Ikiwa ni diski, mimi nataka za waya, si za mafuta. Waya ukikatika Ramisi nitaufunga mwenyewe kando ya barabara. Bomba la mafuta likivuja, safari imekwisha hapo.

Hizo baiskeli ulizozitaja nimeziangalia. Nyingine ni nzuri kweli. Mambo mawili yananirudisha nyuma.

La kwanza ni matundu ya kufungia keria. Keria inataka matundu yenye uzi wa skrubu karibu na ekseli ya nyuma na mengine juu, ya bolti ya milimita 5. Fremu nyingi nyepesi hazina, au zina ya madigadi tu. Watu wanafunga kwa vibano, na kibano kwenye bomba jembamba la alumini, na kilo 10 zinatikisika juu yake toka Kikambala mpaka Kilifi, mimi siwezi kukiamini. Uma wa kaboni usio na matundu nao ndio basi, hubebi kitu mbele.

La pili ni urefu wa nyuma. Vile vyuma viwili vya chini vinavyotoka kwenye kranki, pale mikono ya pedali inapofungwa, kwenda gurudumu la nyuma, kwenye baiskeli ya mbio vina kama sentimita 41. Ya safari inafika 43 mpaka 46. Watu wanaona ni kitu kidogo. Lakini mguu wangu ni namba 44, na kisigino kikigonga mkoba kila ukikanyaga pedali, kilomita 10 tu utaichukia baiskeli. Na urefu huo ndio unaoifanya itulie ikiwa imebeba mzigo, isiyumbe lori likikupita kwa kasi.

Kuhusu chuma na bahari, hapo ndipo nataka kuwasikia wenye uzoefu.

Dada_wa_Tiwi:

Salaam kwenu nyote. Naomba niingie, maana hapa wanaume wanaongea vyuma tu, hakuna aliyeuliza baiskeli itamtosha nani.

Mimi ni mfupi, mita 1.58. Nimewahi kuuziwa baiskeli nzuri sana, nyepesi sana, ambayo bomba la juu lilikuwa refu mno. Mikono ilikufa ganzi kabla ya Ukunda. Baiskeli isiyokutosha haina wepesi hata ikiwa kilo 8. Pima urefu wa mguu wako kwa ndani, toka sakafuni mpaka unapokaa, simama bila viatu na kitabu katikati ya mapaja ukikibana juu. Zidisha kwa 0.883. Hiyo ndiyo kanuni aliyoieneza Greg LeMond, yule Mmarekani mshindi wa Tour de France, na inakupa umbali wa kutoka katikati ya kranki mpaka juu ya kiti. Si amri, ni mahali pa kuanzia. Mimi nimeshuka milimita chache kutoka hapo na magoti yameshukuru.

Na kaka usisahau upepo. Mtu anaweza kukaa anahesabu gramu za pedali, halafu atoke Malindi mwezi wa Julai kurudi Mombasa uso kwa uso na kusi. Nguvu ya upepo inayokuzuia inakwenda kwa mraba: kasi ya upepo usoni ikiwa mara mbili, kizuizi ni mara nne. Mimi wakati wa kusi naenda kaskazini, upepo mgongoni, kisha narudi na basi, baiskeli iko juu au kwenye buti. Kaskazi ikianza, Desemba mpaka Machi, nageuza: napanda basi kwenda Malindi, narudi kwa pedali. Wazee wetu wa majahazi walisafiri hivyohivyo na hawakuwa wajinga.

Mpanda_Mvita:

Dada, nashukuru sana. Hilo la kusi na kaskazi lingestahili uzi wake peke yake. Na ndiyo sababu nataka usukani uliopinda chini: kushika chini kunakupunguza mbele ya upepo, na mikono inapata mahali pengi pa kupumzika. Umenikumbusha pia kwamba fremu ya mtumba lazima niipande kabla ya kulipa.

Niongeze kuhusu gia, maana ndizo zinazofanya baiskeli iwe nyepesi au nzito mlimani kuliko kitu kingine chochote. Wanaoujua mlima wa Golini wananielewa. Unatoka Kombani, chini huku, na Kwale iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Baiskeli nyingi za barabarani gia yake ndogo kabisa ni meno 34 mbele na 32 nyuma. Ukichukua tairi ya 35-622, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.3. Ya safari ya kweli ina meno 26 mbele na 34 nyuma, unasogea mita 1.66. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ya kwanza inataka uende zaidi ya kilomita 8 kwa saa, ya pili inakuruhusu kwenda 6 bila kuanguka na bila kuua magoti. Hiyo tofauti ni zaidi ya robo ya nguvu unayotoa. Hakuna fremu ya kaboni itakayokupa robo.

Kwa hiyo nataka kranki ya sahani tatu za meno mbele. Najua watengenezaji wanaziacha. Mtumba bado umejaa.

Mzee_Mtwapa:

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote.

Chuma hakimalizwi na hewa ya bahari peke yake. Kinamalizwa na maji ya chumvi yaliyoingia ndani ya bomba yakakaa. Kutu ya nje unaiona, unaipiga msasa, unapaka rangi. Ya ndani inakula kimya. Ukinunua fremu tupu, igeuze, mwaga mafuta ya kitani ndani ya kila bomba kupitia matundu madogo ya hewa, izungushe mpaka yaenee, acha yakauke. Na hakikisha chini kabisa, penye kranki, pana tundu la kutoa maji. Kama hapana, fundi atatoboa. Baada ya safari ya mvua chomoa bomba la kiti, pindua baiskeli, utashangaa maji yanayotoka.

Alumini nayo si malaika. Haishiki kutu nyekundu, lakini inatoa unga mweupe, na ikikutana na chuma penye chumvi zinashikana kama zimechomelewa. Bomba la kiti la alumini ndani ya fremu ya chuma, lisipopakwa grisi na kusogezwa mara kwa mara, litabaki humo mpaka kiama. Nimeona fremu nzuri ikikatwa kwa sababu hiyo.

Ukisuka magurudumu, spoki za chuma kisichoshika kutu na nati za shaba. Nati za alumini ni nyepesi, kweli, gramu chache. Hapa pwani zinaoza, ukitaka kunyoosha rimu zinakatika moja baada ya nyingine.

Mmoja hapo juu kataja mapenzi ya wazee. Reynolds 531, yale mabomba ya chuma ya fremu, ilitoka mwaka 1935, Birmingham, na fremu zake bado zinatembea. Mimi hilo ninaliona kuwa ushahidi wa kutosha.

Upepo_wa_Nyali:

Shikamoo mzee. Nimekusikia. Bado nitabaki na diski zangu, lakini leo nakwenda kuchomoa bomba langu la kiti.

Mzee_Mtwapa:

Marahaba mwanangu. Weka grisi nyingi.

Kijana_Likoni:

Swali kutoka kwa asiyejua: fremu ya mtumba nitaijuaje kama haikugongwa?

Mzee_Mtwapa:

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na shingo ya mbele. Baiskeli iliyogonga kitu uso kwa uso inajikunja hapo, rangi inafanya mawimbi au ufa mwembamba. Ukihisi mawimbi, iache hata kama bei ni tamu.

Kisha chukua uzi wa mshonaji. Funga kwenye sikio moja la nyuma, pale ekseli inapokaa, upitishe mbele uzunguke shingo, urudi sikio la upande wa pili, uvute ukaze. Pima umbali kutoka uzi mpaka lile bomba la fremu ambamo bomba la kiti linaingia, kushoto na kulia. Zilingane. Tofauti ya milimita moja au mbili si neno. Ikizidi hapo, uliza kabla hujalipa.

Mpanda_Mvita:

Wadau, habari mpya. Nimepata fremu.

Iko kwa muuza mtumba mmoja Kongowea, ilikuwa imefunikwa na baiskeli za watoto. Dawes Galaxy ya chuma cha Reynolds 531, ya Kiingereza, rangi ya kijani iliyofifia, na kibandiko cha Reynolds bado kinasomeka. Ina matundu ya keria nyuma, ya madigadi pande zote, na ya keria ya mbele kwenye uma. Nyuma ni sentimita 44. Uzi wa Mzee nimeupitisha mbele ya macho ya muuzaji, akadhani nafanya dawa. Tofauti ni chini ya milimita moja. Bomba la kiti lilitoka kwa kuzungusha kwa mkono.

Magurudumu yake ni yale ya inchi 27, 630, kama alivyosema Fundi. Rimu zimekwisha. Nataka kuweka 622. Fundi, tofauti ya nusu kipenyo ni milimita 4, kwa hiyo raba za breki lazima zishuke milimita 4. Nimepima, mkono wa breki una nafasi. Swali ni nyuma: kati ya masikio ni milimita 126, na habu, yaani vitovu vya magurudumu, ninazoziona ni 130 au 135.

Fundi_Majengo:

126 kwenda 130 si shida, chuma hicho kinakubali. Tunafungua taratibu, milimita 2 kila upande, tunapima kwa uzi huohuo, tunanyoosha masikio yabaki sambamba. Ingekuwa alumini ningekufukuza. 135 sikushauri, hata kama wapo wanaofanya.

Usinirudishie habu ya friwili, ile ambayo gia za nyuma zinaparafujwa juu yake. Kwenye hiyo, gololi za upande wa kulia ziko ndani, mbali na sikio, ekseli inabaki inaning'inia, na mzigo wa mikoba unaipinda mpaka inakatika. Nimezitoa nyingi zilizokatika hivyo. Chukua habu ya kaseti, ambayo gia zinachomekwa tu juu yake; gololi zinakaa mwisho kabisa wa ekseli.

Na valvu unataka gani? Rimu za tundu jembamba ni za Presta tu, ile valvu nyembamba ya baiskeli za mbio. Chukua rimu ya tundu pana, la valvu ya gari. Petroli stesheni yoyote inakujaza upepo.

Mpanda_Mvita:

Tundu pana, bila shaka. Spoki 36 nyuma na 36 mbele.

Dada_wa_Tiwi:

Umeipanda kabla ya kulipa?

Mpanda_Mvita:

Nimeipanda dada, magurudumu yake mabovu hivyohivyo, nyuma ya soko. Bomba la juu linanitosha. Shingo ya usukani nitaweka fupi kidogo.

Hesabu yangu mpaka sasa, kwa anayetaka kufuata njia hii: fremu na uma pamoja na breki na kranki yake 22,000. Rimu mbili, habu, spoki na kusuka 17,500. Kaseti ya meno 11 hadi 34, cheni na kibadilisha gia cha mtumba 9,000. Tairi mbili za 35-622 zenye kinga ya miiba 8,000. Zinabaki 8,500 za keria, grisi, mafuta ya kitani na waya. Kranki ina sahani mbili tu za meno, natafuta ya sahani tatu, aliye nayo aniambie.

Nimeweka kila kitu nilicho nacho juu ya mizani, na kwa vitu visivyofika nimekadiria. Itatoka kama kilo 12 na nusu ikiwa na keria na madigadi. Ya zamani ilikuwa 18 na nusu. Kilo 6, na katika hizo, fremu yenyewe haifiki nusu. Zilizobaki ni ule uma wa springi, rimu na tairi. Na mikoba nayo nimeipitia. Nimetoa sufuria ya chuma, kufuli kubwa na jeans, nimebakiza kikoi, fulana mbili na tyubu za akiba. Kilo 3 zimeondoka bila kulipa hata shilingi.

Kijana_Likoni:

Kranki ya sahani tatu ninayo, meno 48, 36, 26. Ilikuwa ya baiskeli ya marehemu ami yangu, imekaa darini. Mikono ya milimita 170. Ya ekseli ya mraba. Nikuletee?

Mpanda_Mvita:

Mungu amrehemu ami yako. Niletee, nami nitakulipa bei ya haki, usinipe bure. Ndiyo saizi hasa ninayoitaka. Ila itataka ekseli ndefu kidogo kuliko iliyopo ili sahani ya ndani isiguse fremu, Fundi atatuambia urefu akishaiona.

Fundi, Jumatano baada ya alasiri naleta fremu na rimu. Mafuta ya kitani nitamwaga mwenyewe nyumbani siku mbili kabla ili yawe yamekauka. Nati za shaba, tafadhali, hata kama za alumini ndizo zilizopo dukani, nitasubiri.